Kurekebisha hitilafu za kufurika kwa namba katika msimbo wa saa wa kiini cha mfumo endeshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeifahamu lugha ya C kiasi cha kusoma msimbo wa kiini cha mfumo endeshi, ambaye ameletewa ripoti ya mashine iliyopoteza majira na hajui aanzie wapi. Mifano mingi inatoka kwenye Linux kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, lakini hesabu zenyewe ni zile zile katika mfumo wowote.

Kufurika kwa namba ni nini, na kwa nini msimbo wa saa ndio unaoathirika mara nyingi?

Ndani ya kompyuta, kila namba kamili hukaa katika nafasi yenye upana maalumu. Nafasi ya biti 32 isiyo na alama ya hasi huchukua kuanzia 0 hadi 4,294,967,295, na ukiongeza moja juu ya hapo inarudi 0, kama mita ya gari inavyorudi kwenye masifuri baada ya tarakimu zote kufika 9. Nafasi yenye alama huishia 2,147,483,647, na hatua inayofuata huiangusha hadi hasi 2,147,483,648.

Namba nyingine za kiini, kama vile idadi ya mafaili yaliyofunguliwa au kiasi cha kumbukumbu kinachotumika, hupanda na kushuka. Muda hupanda tu. Haba na haba hujaza kibaba: pigo moja la saa ya kiini kila milisekunde ni kitu kidogo sana, lakini kibaba cha biti 32 hujaa kabla ya miezi miwili kwisha. Kila usemi wa hesabu unaogusa muda una siku yake ya kufurika, na siku hiyo hukokotolewa kwa kalamu na karatasi. Ninawasihi wanaoanza kazi hii waifanye hesabu hiyo kabla ya kugusa mstari wowote wa msimbo, kwa sababu viraka vingi vibaya nilivyowahi kuvisoma viliandikwa na watu waliojua kwamba kuna kufurika mahali fulani lakini hawakujua kunatokea lini.

Seva imeganda baada ya kukaa miezi kadhaa bila kuzimwa. Nitajuaje kama chanzo ni kufurika?

Angalia imekaa muda gani tangu iwashwe, kisha ulinganishe na siku zinazojulikana. Idadi ya siku katika hitilafu za aina hii ni kama alama ya kidole.

Biti 32 zikihesabu milisekunde hujaa baada ya siku 49.7, na ndiyo sababu Windows 95 na Windows 98 zilikuwa zikiganda zikiachwa zinafanya kazi kwa muda huo. Biti 31, yaani namba hiyo hiyo ikiwa na alama, hujaa kwa nusu yake, siku 24.8. Kiini cha Linux kinachopiga mapigo 250 kwa sekunde hujaza biti 32 kwa siku 198.8, na kinachopiga mapigo 100 huchukua siku 497. Watunzaji wa seva za zamani wanakumbuka jinsi muda wa kuwaka uliooneshwa na mashine ulivyokuwa ukirudi sifuri siku hiyo ya 497. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme mara kwa mara, kwa kuwa vifaa vya kudhibiti jenereta zake vingeweza kujizima baada ya siku 248 za kuwaka mfululizo. Idadi hiyo inalingana na biti 31 zilizohesabu sehemu za mia za sekunde.

Zipo na alama fupi zaidi. Hitilafu inayojitokeza baada ya dakika 71 na nusu hivi hutokana na mikrosekunde katika biti 32, na inayojitokeza baada ya sekunde 4.29 hutokana na nanosekunde katika biti hizo hizo. Siku 208.5 ni kisa cha pekee ambacho kina swali lake hapa chini.

Dalili nyingine yenye uzito ni mashine kadhaa kuanguka karibu pamoja. Seva mbili zilizowekwa ili moja ishike zamu pale nyingine inapokufa, zikiwa ziliwashwa asubuhi moja, zina kihesabuji chenye umri mmoja, na zitafika kwenye kufurika zikiwa zimeshikana mikono.

Je, haitoshi kugeuza kila kigeu kuwa biti 64 na kumaliza kazi?

Mara nyingi huo ndio mwanzo mzuri, lakini si mwisho wa kazi. Biti 64 zenye alama zikihesabu nanosekunde huchukua takriban miaka 292, na aina ya ktime_t katika Linux imejengwa juu ya msingi huo. Tatizo ni kwamba upana wa kigeu kinachohifadhi jibu hausemi lolote kuhusu upana wa hesabu iliyolizalisha jibu hilo. Ukizidisha namba mbili za biti 32, C huzizidisha kwa biti 32, hukata kinachozidi, halafu ndipo huweka mabaki kwenye kigeu chako kipana.

Kuna pia gharama katika prosesa za biti 32. Kusoma kigeu cha biti 64 huko hufanyika kwa hatua mbili, nusu ya juu na nusu ya chini, na pigo likiingia katikati ya hatua hizo utapata namba iliyoungwa kutoka nyakati mbili tofauti. Ndiyo maana jiffies_64, yaani kihesabuji cha mapigo cha Linux chenye biti 64, haisomwi moja kwa moja, husomwa kwa kupitia get_jiffies_64, ambayo hurudia kusoma endapo thamani ilibadilishwa wakati wa kusomwa. Kugawanya nako kuna mtego: do_div hupokea kigawanyo cha biti 32 tu, hivyo ukiipa kigawanyo kipana zaidi itakikata bila kulalamika. Nimeona mtu akiondoa kufurika mstari wa kumi na kukiingiza kingine mstari wa kumi na mbili kwa njia hiyo hiyo.

Nilinganishe vipi nyakati mbili ikiwa kihesabuji kinaweza kuzunguka katikati yake?

Usiulize ipi ni kubwa. Toa moja kutoka kwa nyingine, kisha uangalie alama ya tofauti.

Tuchukue kihesabuji kidogo cha biti 8, kinachokwenda kuanzia 0 hadi 255 halafu kinarudi 0, ili kila hatua ionekane. Sasa hivi kinasoma 250, na umeweka kipima muda kiite baada ya mapigo 10. Wakati wa kuita ni 260, lakini 260 haitoshi ndani ya biti 8, hivyo kinachoandikwa ni 4. Msimbo unaouliza kama 250 imepita 4 hujibiwa ndiyo, na kipima muda huita papo hapo, mapigo 10 kabla ya wakati wake. Ukitoa 250 kutoka 4 kwa hesabu ya biti 8 unapata 10, yaani mapigo yaliyosalia, ingawa kihesabuji kinakaribia kuzunguka. Kikisonga hadi kusoma 7, unatoa 7 kutoka 4 na kupata 253, ambayo ikisomwa kama namba yenye alama ni hasi 3: wakati umepita kwa mapigo matatu. Jibu ni sahihi pande zote mbili za mzunguko, bila kuongeza hata biti moja.

Makro za time_after na time_before katika Linux hazifanyi zaidi ya hayo. Zinatoa, zinaisoma tofauti kama namba yenye alama, na zinaangalia kama ni hasi. Kwa hiyo ukikuta katika draiva ya kifaa mahali ambapo jiffies, kihesabuji cha kawaida cha mapigo, inalinganishwa moja kwa moja na thamani iliyohifadhiwa kwa alama ya kubwa kuliko au ndogo kuliko, umepata hitilafu, hata kama mashine hiyo haijawahi kulalamika.

Je, mbinu hiyo ya kutoa ina mipaka?

Ina mpaka mmoja ambao husahauliwa. Tofauti halisi kati ya nyakati hizo mbili lazima iwe ndogo kuliko nusu ya masafa ya kihesabuji. Kwa mapigo 1000 kwa sekunde na biti 32, nusu hiyo ni siku 24.8.

Fikiria draiva inayohifadhi wakati ilipoandika onyo la mwisho, ili isiandike onyo jingine kabla ya sekunde tano kupita. Kifaa kikikaa kimya siku 30 kisha kikapata kosa, tofauti imevuka nusu ya masafa, na time_after itasema kwamba onyo la mwisho liliandikwa wakati ujao. Onyo jipya litafichwa, na litaendelea kufichwa hadi kihesabuji kikamilishe mzunguko wake, yaani karibu siku 20 nyingine, na msimamizi atabaki anashangaa kwa nini kifaa kibovu hakisemi kitu. Makro ilitumika ipasavyo. Kilichokosewa ni kuhifadhi thamani kwa muda mrefu kuliko inavyoweza kubeba maana. Tiba ni kuhifadhi wakati huo kwa ktime_t na kuulinganisha kwa ktime_after, au kwa jiffies_64 na kuulinganisha kwa time_after64.

Hesabu yangu inageuza sekunde kuwa nanosekunde na kutoa namba hasi. Nimekosea wapi?

Karibu hakika umegeuza aina baada ya kuzidisha badala ya kabla. Katika mashine ya biti 32, sekunde 3 mara 1,000,000,000 ni 3,000,000,000, ambayo imezidi 2,147,483,647, na jibu linalotoka ni hasi 1,294,967,296. Kulifunga jibu hilo ndani ya mabano na kuligeuza kuwa biti 64 hakurudishi kilichokwisha kukatwa. Geuza kizidishwa kimoja kuwa s64, aina ya biti 64 yenye alama, kwanza, na kuzidisha kote kutafanyika kwa biti 64. Hitilafu hii haionekani kwenye kompyuta za kawaida za Linux za siku hizi, kwa kuwa aina ya long huko ina biti 64, na ndiyo maana hupita ukaguzi na kwenda kujificha kwenye ruta na vifaa vya viwandani.

Hitilafu ya siku 208 katika Linux ilitokana na nini, na ilirekebishwaje?

Kisa hiki kinastahili kusomwa polepole, kwa sababu kila kigeu kilichohusika kilikuwa tayari na biti 64.

Prosesa za x86 zina kihesabuji cha mizunguko kinachoitwa TSC. Ili kugeuza mizunguko kuwa nanosekunde bila kutumia desimali, kiini huzidisha idadi ya mizunguko kwa kipimo kilichokokotolewa mapema, kisha husogeza jibu kulia kwa biti 10, jambo ambalo ni sawa na kugawanya kwa 1,024. Kwa prosesa ya gigahezi 2 kipimo hicho ni 512, kwa kuwa kila mzunguko mmoja ni nusu ya nanosekunde.

Angalia sasa kinachotokea katikati, kabla ya kusogeza. Jibu la kuzidisha ni nanosekunde mara 1,024, hivyo biti 10 kati ya zile 64 zimeshatumiwa na kipimo, na zinazobaki kwa ajili ya muda ni 54. Mbili kwa kipeo cha 54 cha nanosekunde ni takriban sekunde 18,014,398, ambazo ni siku 208.5. Kasi ya prosesa hujifuta ndani ya hesabu yenyewe: prosesa ya haraka ina mizunguko mingi lakini kipimo kidogo, ya polepole kinyume chake, na zote hufika ukingoni siku moja. Kufurika kulipotokea, saa inayotumiwa na mratibu wa kazi iliruka nyuma ghafla, na mashine kadhaa zikaanguka.

Kiraka kilichoandikwa mwaka 2011 hakikupanua kitu chochote. Kiligawa idadi ya mizunguko katika sehemu mbili: hisa, yaani mizunguko iliyogawanywa kwa 1,024, na baki. Hisa huzidishwa kwa kipimo bila kusogezwa, baki huzidishwa kwa kipimo na kusogezwa kulia biti 10, kisha majibu hayo mawili hujumlishwa. Kihisabati jibu ni lile lile hadi nanosekunde ya mwisho, lakini hakuna hatua ya katikati inayozidi jibu lenyewe, na biti 10 zilizopotea zinarudi kazini. Baadaye msimbo ulihamia kwenye mul_u64_u32_shr, ambayo hufanya kuzidisha kwa upana wa biti 128 pale ambapo prosesa inaruhusu.

Ninakipenda kiraka hicho kwa unyoofu wake. Ni mistari michache, kinaeleweka kwa kusomwa mara moja, na mtu yeyote anaweza kukihakiki kwa hesabu ya shule ya sekondari.

Kwa nini mashine pepe iliyosimamishwa kwa muda mrefu huamka na saa iliyoharibika?

Msimbo mkuu wa saa katika Linux hufanya kazi inayofanana na ile ya TSC hapo juu: huchukua tofauti ya mizunguko tangu usomaji wa mwisho, huizidisha kwa mult, na husogeza jibu kulia kwa shift. Kadiri mult inavyokuwa kubwa ndivyo usahihi unavyoongezeka, na ndivyo muda unaoweza kupita kati ya usomaji mmoja na mwingine bila kufurika unavyopungua. Kwa vihesabuji vipana kuliko biti 32, kiini huchagua thamani hizo kwa kulenga muda usiozidi dakika 10. Kwenye mashine halisi inayofanya kazi hilo linatosha kabisa, kwa kuwa usomaji hufanyika mara nyingi kwa sekunde.

Mashine pepe inaweza kusimamishwa na mwenyeji wake kwa saa nzima, huku kihesabuji kikiendelea. Inapoamka, tofauti ni kubwa kuliko iliyotarajiwa na kuzidisha kunafurika. Marekebisho yaliyoingia mwaka 2024 hulinganisha tofauti na max_cycles, idadi kubwa kabisa ya mizunguko isiyofurisha kuzidisha, kwanza, na ikiwa imezidi, hesabu hupitia njia ya polepole yenye upana mkubwa zaidi.

Ugumu uliopo hapa ni kwamba tofauti kubwa mno na tofauti hasi ndogo hufanana. Prosesa mbili ambazo TSC zake zimepishana kidogo zinaweza kutoa usomaji uliorudi nyuma kwa mizunguko michache, na kwa namba isiyo na alama hilo huonekana kama mabilioni ya mabilioni ya mizunguko kwenda mbele. Anayerekebisha eneo hili lazima aamue wapi mpaka uwe. Linux huangalia biti ya juu kabisa ya tofauti kwa upana wa kihesabuji, na ikiwa imewaka huichukua tofauti hiyo kuwa ni kurudi nyuma na kuihesabu sifuri.

Nifanye nini na thamani zinazotoka kwa mtumiaji?

Zishuku zote. Mtumiaji akiomba kusubiri sekunde 5,000,000, na draiva ikazidisha kwa mapigo 1000 ndani ya biti 32, bilioni 5 hukatwa na kubaki 705,032,704. Aliyetaka siku 57 na saa kadhaa hupewa siku 8.

Hali mbaya zaidi ni ya mtu anayeomba kulala milele kwa kutuma namba kubwa kuliko zote. Kiini hujumlisha wakati wa sasa na namba hiyo, jumla inageuka kuwa hasi, kipima muda kinaona wakati umeshapita na kuita papo hapo, programu inaomba kulala tena, na prosesa inawaka moto kwa kazi ya kulala. Tiba inayokubalika ni kubana: jumla ikizidi, iachwe kwenye kiwango cha juu kabisa, KTIME_MAX, ambacho kimsingi kina maana ya milele. Hiyo ndiyo kazi ya ktime_add_safe.

Kwa kuweka saa ya mfumo, kubana hakufai, kwa sababu mtu aliyetaja mwaka usiowezekana anapaswa kuambiwa kwamba amekosea. Linux hukataa tarehe inayokaribia ukomo wa mwaka 2262, na huacha akiba ya miaka 30 kwa ajili ya mashine kuendelea kuwaka baada ya saa kuwekwa, hivyo mwisho unaoruhusiwa ni 2232.

Je, namba zenye alama zinaruhusiwa kuzunguka katika C?

Kiwango cha lugha kinaeleza kwamba zisizo na alama huzunguka. Kwa zenye alama hakielezi chochote, na kompaila ina ruhusa ya kudhani kwamba kufurika kwake hakutokei kamwe, kiasi kwamba ukaguzi wa kuuliza kama jumla imekuwa ndogo kuliko kijumlishwa unaweza kufutwa kimyakimya. Kiini cha Linux hujengwa kwa chaguo la -fno-strict-overflow linalozuia jambo hilo, lakini ukinakili msimbo huo kwenda kwenye programu ya kawaida kinga hiyo haitafuatana nao. Tumia check_add_overflow na check_mul_overflow, ambazo hufanya hesabu na kukuambia kama imefurika. Na pale ambapo kuzunguka kumekusudiwa, andika maelezo ya mstari mmoja juu yake ili anayekuja baada yako asikirekebishe kisicho kibovu.

Tatizo la mwaka 2038 limekwisha?

Ndani ya kiini, kwa sehemu kubwa, ndiyo. Biti 32 zenye alama zinazohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 hujaa tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa majira ya UTC, na sekunde inayofuata husomeka kuwa tarehe 13 Desemba 1901. OpenBSD ilihamia biti 64 kwenye prosesa zote katika toleo la 5.5, mwaka 2014. Linux ilipata miito mipya ya mfumo kwa ajili ya prosesa za biti 32 katika toleo la 5.1, mwaka 2019, na toleo la 5.6 la mwaka 2020 ndilo la kwanza lililokamilisha kazi hiyo ndani ya kiini.

Kilichobaki kiko nje: programu zilizojengwa kwa time_t (aina ya C ya kuhifadhi wakati) ya zamani yenye biti 32, na tarehe zilizokwisha kuandikwa kwenye diski. Mfumo wa mafaili wa Ext4 wenye inode (rekodi za maelezo ya kila faili) za baiti 128 huishia 2038, na wenye inode za baiti 256 hufika 2446, kwa hiyo diski iliyoumbizwa zamani inaweza kubeba ukomo huo ndani ya mashine mpya kabisa. Kubadilisha aina kuwa biti 32 zisizo na alama huongeza muda hadi 2106 tu, na hupoteza tarehe zote za kabla ya 1970. Kwa maoni yangu ni njia ya kutumia pale tu ambapo umbo la data haliwezi kubadilishwa.

Nitajaribuje kiraka bila kusubiri siku 208?

Sogeza mwanzo wa kihesabuji hadi karibu na ukingo. Linux hufanya hivyo kwa makusudi: jiffies haianzi na 0, huanza na thamani ambayo hufurisha biti 32 dakika tano baada ya mashine kuwashwa. Katika matoleo ya awali ya 2.6 yenye mapigo 1000, jambo hilo lilionekana waziwazi kwenye kumbukumbu za kuwaka, ambako mistari ya kwanza kabisa ilibeba muda wa 4294667.296, sekunde 300 kamili kabla ya ukingo. Uamuzi huo mdogo ulizilazimisha draiva zote mbovu kujitokeza mezani kwa aliyeziandika, ndani ya dakika tano, kabla hazijafika kwa mtu asiyeweza kuzirekebisha. Ukiandika kihesabuji kipya, kipe mwanzo wa namna hiyo.

Kwa tarehe, washa mashine pepe ya QEMU kwa chaguo la -rtc ukitaja tarehe 19 Januari 2038 dakika chache kabla ya saa 03:14, kisha uiache ivuke. Ndani ya msimbo wa Linux kuna jaribio liitwalo set-2038 linalofanana na hilo. Jenga pia kiini ukiwa umewasha UBSAN, kikaguzi cha kompaila kinachonasa makosa ya aina hii mashine ikiwa inafanya kazi, ili kufurika kwa namba zenye alama kuandikwe pale ambapo kompaila yako inaweza kukunasa, na ujenge kwa biti 32 hata kama huna mashine ya namna hiyo.

Usiishie kwenye kupima kabla na baada. Weka kipima muda kabla ya ukingo kinachopaswa kuita baada yake, na uhakikishe kinaita kwa wakati. Hapo ndipo hitilafu nyingi zinapojificha, kwa kuwa ndipo thamani mbili kutoka pande mbili za mzunguko zinapokutana katika usemi mmoja.

Kiraka bado hakijafika kwenye seva ninazozisimamia. Nifanye nini kwa sasa?

Kokotoa siku ya kufurika kwa kila seva, na uiwashe upya kabla ya siku hiyo. Zipishanishe seva zinazoshikiana zamu kwa siku kadhaa, ili zisiwe tena na umri mmoja. Hakikisha pia kwamba kihesabuji kinachohusika kinaanza upya kweli kweli: kuhamia kiini kipya kwa kexec, yaani bila kuiwasha upya mashine yenyewe, hakuigusi TSC, na muda wa kuwaka utaonesha dakika tano huku prosesa ikikumbuka siku zake zote 207. Kwa hitilafu inayotokana na TSC, zima umeme wa seva kabisa, kisha uuwashe.